Kura Tatu na Hotuba Yangu

Jumapili, tarehe 4 Juni

Mpango umekamilika. Nimeupata bafuni nikinyoa ndevu. Shavu moja bado halijanyolewa, ila mambo makubwa hayasubiri.

Jumamosi ijayo tunawaaga maskauti wetu watatu waliotimiza miaka kumi na minane: Mathea, Sindre na Jorunn. Kila mwaka ni yaleyale. Wazazi wanakaa kwenye mabenchi mbele ya nyumba ya mbao ya kundi letu kando ya ziwa, kila anayeondoka anapewa kikombe cha mti kilichochongwa kwa mkono, kisha Gudveig, kiongozi wetu, anatoa hotuba ya kuwaheshimu. Mimi ni naibu wake. Kazi yangu siku hiyo ni kushika bendera. Nimeishika miaka kumi na saba. Bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto.

Hotuba yangu ipo tayari tangu mwaka wa tatu. Nabadilisha majina tu.

Sasa basi, mpango. Nitapendekeza wanaoondoka wachague wenyewe, kwa kura ya siri, nani awazungumzie. Watamchagua nani? Gudveig, anayewalazimisha kufagia sakafu mara mbili? Au mimi, niliyewafundisha dira, ramani, mafundo ya kamba na adabu?

Unni, mke wangu, aliuliza kama nina hakika. Nilimwambia jambo hili halina hata haja ya kufikiriwa. Akasema hilo ndilo linalompa wasiwasi.

Jumatatu, tarehe 5 Juni

Nimempigia Gudveig simu. Nilikuwa nimejiandaa na hoja tisa, zimeandikwa kwa mpangilio, ile kali kabisa mwisho. Akakubali kabla sijamaliza ya kwanza. Akasema ni wazo zuri, na kwamba amechoka kuisikia sauti yake mwenyewe.

Nimebaki nimeshika simu. Hoja nane zimeniozea mkononi. Nilimsomea ya tisa hata hivyo. Alikuwa amekwisha kata simu.

Jumanne, tarehe 6 Juni

Siku ya kampeni. Nimeamka mapema nikapika chapati za maji, rundo zima, na jamu ya stroberi juu. Jioni nikazipeleka kwenye mkutano na kuwahudumia watatu hao kwa mkono wangu. Sikutaja kura. Nilitabasamu tu.

Jorunn alikula tano. Hiyo naihesabu kura moja isiyotikisika.

Sindre hakugusa. Nikamsogezea sahani. Akanishukuru akairudisha. Nikaisogeza tena. Mwishowe akaniambia kwa upole kwamba mayai humvimbisha midomo, tangu utotoni. Nimemlea kijana huyu kwenye kundi miaka minane. Mayai. Sikuwa na habari.

Wakati bado nimeduwaa, Bjarte alipita nyuma yangu akaweka mbele ya Sindre vipande viwili vya mkate na jibini la kahawia. Vilikuwa vimeshakatwa, vimeshafunikwa. Hakusema kitu. Bjarte ni mpishi wetu, fundi mstaafu wa boti. Ana kigugumizi kizito, kwa hiyo kwa kawaida hasemi kitu. Mtu mzuri, asiye na madhara kwa yeyote.

Nilimwambia Sindre kwamba nilikuwa namjaribu tu. Alikubali kwa kichwa.

Jumatano, tarehe 7 Juni

Naandika kwa penseli maana kalamu nimeivunja.

Kura zilipigwa leo ndani ya kofia ya Gudveig. Vikaratasi vitatu. Nilikuwa nimevaa skafu mpya na nimeshaandaa uso wa mtu asiyetegemea lolote. Gudveig akafungua cha kwanza. Bjarte. Nikacheka, nikidhani ni utani wa vijana. Akafungua cha pili. Bjarte. Cha tatu nilimnyang'anya nikakifungua mwenyewe.

Bjarte. Na moyo mdogo umechorwa pembeni, kwa mwandiko wa Jorunn. Chapati tano.

Aliyeshtuka kunizidi ni Bjarte mwenyewe. Alikuwa mlangoni na sufuria ya supu ya samaki. Upawa ukamponyoka. Akaanza kusema hapana, lakini hilo "ha" halikuisha, na kabla hajafika kwenye "pana" Mathea alishamshika mkono na kumwambia, "Tumeshaamua, Bjarte. Hata ukisimama tu bila kusema neno, tutaridhika."

Bila kusema neno. Mimi nina maneno elfu mbili na mia nne.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimeisahau baiskeli.

Alhamisi, tarehe 8 Juni

Nimepata nguvu tena. Mtu mwenye akili haanguki, anabadili mlango.

Bjarte hawezi kuhutubia. Kila mtu anajua. Maskini anahitaji msaada. Na nani ana hotuba tayari? Kwa hiyo maneno yatakuwa yangu, mdomo utakuwa wake, na wenye masikio watatambua.

Nimeipunguza hadi kurasa nne. Nimebakiza yaliyo ya lazima: malezi yangu, subira yangu, na ile safari ya mlimani mwaka jana nilipowaongoza kwenye ukungu kwa saa sita bila kupotea hata hatua moja. Kisha majina ya vijana, mwishoni, ikiwa muda utaruhusu.

Nilimkuta kwenye kibanda chake cha boti, anasugua kile kikombe cha tatu kwa msasa. Amevichonga vyote yeye, kila mwaka. Hilo nalo sikulijua. Nilidhani tunanunua.

Nikampa kurasa. Nikamweleza kwamba asihangaike, asome tu. Alizisoma zote, taratibu, midomo ikienda bila sauti. Alipofika kwenye ukungu akaniangalia kwa muda. Kisha akasema atazi-atazi-atazitumia. Nikamkumbatia. Nilihisi amekakamaa kidogo.

Ijumaa, tarehe 9 Juni

Mvua tangu asubuhi. Nimeongeza kinga moja. Nimemwomba Gudveig niruhusiwe kusimama hatua mbili kutoka kwa Bjarte, ili akikwama nimshike mkono kiutu, nichukue nafasi, nimalizie. Kwa hesabu yangu atakwama kwenye mstari wa pili.

Gudveig aliuliza bendera atashika nani. Nikamwambia inaweza kuegemezwa ukutani. Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda, kisha akasema, "Torgeir, simama popote unapotaka. Ila usimguse."

Nimenyoosha shati. Unni anauliza kwa nini napiga mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo.

Jumamosi, tarehe 10 Juni

Naandika haya nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya mbao, watu bado wanakula. Lazima niyaandike kabla sijaanza kuyakumbuka kwa namna nyingine.

Jua lilitoka. Wazazi walijaa. Vikombe vitatu vilipangwa kwenye meza ile inayoyumba, ila leo haikuyumba, na hilo lilinifurahisha. Nilisimama hatua mbili. Bjarte akaja na koti lake la harusi, mikono mitupu.

Nikamnong'oneza: karatasi ziko wapi? Akaonyesha chini kwa kidole. Kurasa zangu nne zilikuwa zimekunjwa vizuri chini ya mguu wa meza.

Sikuweza kufumba mdomo. Unni anasema ilionekana hadi benchi la mwisho.

Bjarte akaanza. Kwanza Sindre. Alisema, kwa kukwama na kuanza upya, kwamba Sindre alipokuja ana miaka kumi hakula siku mbili kwa kuwaza nyumbani, akajificha kwenye banda la kuni. Na kwamba kambi iliyopita alimwona mtoto mgeni haleti sahani yake kupakuliwa, akaenda akakaa karibu naye kwenye banda lilelile, hakumuuliza kitu, wakachonga vijiti hadi mtoto akasema ana njaa. Mama yake Sindre alijifunika uso. Alikuwa hajui habari ya banda. Hata mimi.

Kisha Jorunn. Kwamba aliyepasua mtumbwi miaka miwili iliyopita ni yeye, akaenda mwenyewe kukiri, akautengeneza Jumamosi kumi kwenye kibanda cha Bjarte. Mtumbwi ule. Mimi niliuandikia ripoti ya kurasa tatu kwamba ulipasuliwa na upepo. Niliambatanisha mchoro wa upepo.

Akafika kwa Mathea. Hapo akakwama kabisa. Akaanza "Ma", akaanza tena, shingo ikawa nyekundu. Hakuna kilichotoka. Nikajua saa yangu imefika. Nikapiga hatua, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo.

Mathea aliinua kiganja. Hakunitazama hata. Alimtazama Bjarte, na wale wawili wakamtazama, na wakasubiri. Na wazazi wakasubiri. Watu sitini, kimya, ndege tu juu ya ziwa. Nilibaki pale na pumzi yangu kifuani, sijui niitoe wapi. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakimngoja mtu bila haraka yoyote. Kila nilipozungumza mimi, watu walitazama saa.

"Mathea," akasema mwishowe, na akaendelea.

Akasimulia ile safari ya mlimani. Ukungu. Kwamba niliwaelekeza kwenye genge la mwamba, si kwenye njia ya nyumbani. Kwamba Mathea aliijua njia, lakini hakutaka kumwaibisha mtu mzima mbele ya wadogo. Kwa hiyo alifungua kamba za kiatu chake. Wote walisimama kumngoja, na alipoinuka alikuwa ameelekea upande kidogo, na wengine wakafuata anakoelekea. Kidogo kidogo. Mara kumi na moja. Alimsimulia Bjarte siku ileile wakiosha masufuria, akamwomba asiseme hadi siku atakayoondoka.

Mara kumi na moja. Nakumbuka kila moja. Nilimkaripia. Mara ya saba nilisimamisha msafara mzima kwenye mvua na kumfundisha kufunga kamba.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba hakuna mtu aliyenicheka kwa ubaya. Walicheka, ndiyo. Babu mmoja alifuta machozi. Lakini Bjarte aliposema kwamba huyu ni mtu anayejua kuwafikisha wengine nyumbani bila kumvunjia mtu heshima, watu wakasimama. Nami nikajikuta napiga makofi. Viganja bado vinawaka. Nilipiga sana, sijui kwa nini.

Baadaye nilimfuata Mathea karibu na ziwa. Amekishika kikombe kwa mikono miwili kama kitu cha moto. Nikamuuliza kama ni kweli.

"Kweli, Torgeir. Na tulijua sote, hata wale wadogo."

"Mbona hamkusema?"

"Ulikuwa unafurahi sana," akasema. "Ulikuwa unaimba."

Nilikosa la kujibu. Mimi. Akaona, akanigusa begani, lile lililoshuka, akasema, "Usihuzunike bwana. Nusu ya ninachokijua kuhusu kutafuta njia nimejifunza kwa kutembea nyuma yako."

Jumapili, tarehe 11 Juni

Sikutoka kitandani hadi chakula cha mchana. Nilikuwa nikimfikiria Sindre kwenye banda la kuni. Banda liko hatua ishirini kutoka mahali ninapowekea kiti changu. Miaka minane iliyopita lazima nilikuwa nimekaa pale, labda nikiwasomea kitu. Kwa muda mrefu sikujisikia vizuri hata kidogo. Unni aliniletea kahawa, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema ningeweza tu kuanza kuuliza watu wanakula nini.

Nilimwambia ni wazo zito na nitalitafakari.

Jumatatu, tarehe 12 Juni

Nimelitafakari. Kichwa kimekaa sawa.

Kwanza, nimesoma tena maneno ya Mathea niliyoyaandika juzi. Nusu ya anachokijua amejifunza kwangu. Nusu. Bjarte hakutajiwa hata robo. Nimemwomba Unni anisomee kwa sauti, akasoma, kisha akaingia jikoni na kufunga mlango. Ameguswa.

Pili, nimegundua siri ya Bjarte. Ni jiko. Mtu akikaa jikoni, akinyamaza, akisugua sufuria, vijana humwambia kila kitu na kumchagua. Kumbe ni rahisi hivyo. Mwakani wanaondoka watano, na Gudveig ametangaza kwamba kura itaendelea.

Nimempigia Bjarte simu nikamwambia mgongo wake unahitaji kupumzika na mimi niko tayari kumsaidia. Alinyamaza muda mrefu. Nilimngoja, karibu sekunde tatu, kisha nikamalizia mwenyewe kwamba tumekubaliana. Akasema vi-viazi vinahitaji kumenywa Jumanne. Nimeikubali nafasi hiyo.

Tangu sasa mimi ni mtu wa maneno machache. Nimeanza kuandika maelezo mafupi ya kuwasomea wale watano nikiwa namenya, ili wasije wakakosa kuliona badiliko hilo. Yamefika kurasa sita. Unni anasema nipunguze.

Nimeongeza utangulizi.