Ombi la Kuifukuza Kazi Radiani Kabla ya Jumamosi

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini u mzima. Mimi ni yule mtengenezaji wa michezo ya kompyuta anayekaa karibu na mashine ya kahawa, na kwa heshima zote naomba radiani ifukuzwe kazi ofisini kwetu.

Kama unavyojua, watu wenye akili timamu hupima pembe kwa digrii: duara zima ni mia tatu na sitini, hakuna ugomvi. Kompyuta zetu zinataka radiani, kipimo kingine cha pembe, ambako duara zima ni sita na ushee. Ushee, Mkurugenzi! Na ushee wenyewe hauna mwisho. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwenye mchezo wetu wa mpira niliandika pembe ya thelathini, ili frikiki ipae juu ya mabeki. Kompyuta ikaona radiani thelathini, ikazunguka duara mara nne na zaidi, mpira ukachimba ardhi ukapotea. Nilikuandikia barua. Jibu sijaliona.

2. Nikawa mtiifu. Nimepita kila penye pembe nikageuza digrii kuwa radiani kwa mkono wangu, mpaka macho yakaniuma. Shukrani yake ni kwamba sasa mpira haupai kabisa, unatambaa.

3. Juzi alikuja baba wa mchumba wangu, ambaye haamini kwamba kukaa na kompyuta kutwa nzima kunaweza kulisha familia. Nikampa kiti, akapiga frikiki. Mpira ukajikokota hadi kwenye vidole vya mabeki, ukatulia hapo. Mzee akaniuliza kama mpira unaumwa. Jumamosi anarudi, na hapo ndipo atakapotoa jibu la posa yangu. Nampenda binti yake, Mkurugenzi, na naogopa.

4. Binti mwenyewe, ambaye ndiye fundi wetu wa hesabu, anaitetea radiani. Ati imetokana na duara lenyewe. Simlaumu, wamezoeana tangu shule.

5. Ikishindikana kuifukuza radiani, basi duara lipigwe marufuku. Tutengeneze mipira ya mraba. Jua la kwenye mchezo nitalichonga kona mwenyewe. Na ile saa ya mapokezi iondolewe, mishale yake inanizungukia kwa dharau.

Nisalimie mhasibu, dada wa mapokezi, mlinzi, na fundi wa kiyoyozi kama bado yuko juu ya ngazi.

Wako mtiifu na mwenye uchungu,
Mtengenezaji wa mchezo wa mpira

N.B. Mchumba wangu amesoma haya yote akiwa nyuma ya kiti changu. Kumbe barua yangu ya kwanza ulimkabidhi yeye, naye akabadilisha hesabu zetu zote zipokee digrii, kusudi nipumzike. Akatangaza kwenye kundi la ofisi, ambalo mimi nilikuwa nimelinyamazisha kwa hasira. Kwa hiyo nilikuwa naandika radiani mahali palipokuwa pakisubiri digrii. Thelathini yangu, niliyoigeuza kuwa nusu radiani, ikasomwa kama nusu ya digrii, mpira ukatambaa. Tumefuta kazi ya mikono yangu, na sasa unapaa vizuri kabisa. Nilitaka kuichana barua hii. Amesema amenisamehe, kwa sharti kwamba ije kwako kama ilivyo, na Jumamosi niisome kwa sauti mbele ya baba yake kabla hajapiga frikiki. Nitaisoma, Mkurugenzi. Ila ile namba tano, ya mipira ya mraba, nakusihi uniombee kwa mchumba wangu niiruke.