Bosi wa Mchana Mmoja

Mtanashati alikuwa ugenini, hana hata nauli ya kurudi kwao, na watu wa mapokezi hotelini walikuwa wamelizuia sanduku lake mpaka alipe chumba. Mtu mwingine angelia. Yeye alinyoosha tai, akajimiminia chai ya bure ya wageni, akatega sikio.

Meza ya jirani, mama mmoja mwenye bangili za dhahabu kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko alikuwa akifoka kwenye simu. "Saruji imenichosha, baba watoto! Vumbi kila siku! Nataka biashara safi. Hata mkahawa nanunua, leo leo!"

Mungu hamtupi mja wake, akajisemea Mtanashati, kwani matapeli nao ni waja. Akahama na kikombe chake.

"Samahani mama, sikukusudia kusikiliza. Mimi nina mkahawa. Wa Kifaransa, ule wa kona, wenye mapazia mekundu. Nauza kwa hasara, mke wangu anataka tuhamie ng'ambo."

"Kwa hasara?" Mama Saruji akameza mate. "Kubwa?"

"Ya kutupa, mama."

"Basi mchana nakuja kuonja. Sisi watu wa sokoni hatununui hata chungwa bila kuonja."

Mtanashati hakuwahi kuvuka kizingiti cha mkahawa ule. Akaenda mbio kumwona mkuu wa wahudumu, mzee wa glovu nyeupe. "Kaka, nisitiri. Shangazi yangu anapita mjini, na nyumbani niliwaambia hapa ni pangu. Akija, niite bosi tu."

Mzee akamtazama, akatabasamu. "Hilo dogo, bosi."

Mchana Mama Saruji alifika, lakini hakufika peke yake. "Huyu dada yangu, huyu shemeji yako, huyu mhasibu wangu. Wote waonjaji." Mtanashati akacheka cheko la tajiri.

Sasa, mikahawa ya aina hiyo ina adabu yake: mwenyeji hupewa menyu yenye bei, na wageni hupewa isiyo na bei, wasije wakaona haya kuagiza. Kwa hiyo mezani pale mtu mmoja tu alijua konokono mmoja anauzwaje, na mtu huyo alianza kutoka jasho masikioni.

"Hawa konokono ni ghali?" dada akauliza.

"Wa kwetu wenyewe, dada!"

"Basi tuletee sahani mbili mbili."

Wakala konokono kwa siagi, wakala bata, wakala jibini linalonuka soksi na kulisifu. Shemeji akaomba mvinyo mkongwe kuliko yeye. Kila Mtanashati alipofungua mdomo kupinga, mzee wa glovu aliinama: "Bosi ameruhusu?" Naye bosi, mbele ya mnunuzi, angesemaje? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaruhusu.

Mwishowe Mama Saruji akajifuta midomo. "Nimeridhika. Nanunua." Akavua bangili zote, akazirundika mbele ya Mtanashati. "Hiki kianzio. Sisi tunakwenda benki kuchukua zilizobaki. Wewe kaa, bosi haachi mkahawa wake mchana."

Mtanashati alitamani kumbusu. Walipotoka tu, akazitia bangili mfukoni na kuinuka, moyo ukimrukaruka. Ataokoa sanduku, atapanda gari jioni hii hii, na wao warudi kutafuta mwenye mkahawa!

Mlangoni alimkuta mzee wa glovu, na kisahani chenye hesabu ya chakula.

"Kaka, igizo limekwisha," Mtanashati akanong'ona. "Chukua bangili hii, chenji ni yako."

Mzee akaipangusa kwa kitambaa chenye ndimu. Dhahabu yote ikabaki kwenye kitambaa. Akapangusa ya pili, ya tatu. Shaba tupu.

"Yule mama ni tapeli!" Mtanashati akapiga yowe, kwa uchungu wa mtu mwaminifu.

"Namjua," mzee akasema kwa upole. "Kila akipita mjini hununua mkahawa huu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniomba nikusitiri, bosi."

Akamvua koti la suti taratibu, akalitundika, akamfunga aproni na kumsukuma jikoni. Huko, juu ya benchi, wanaume wawili waliovaa tai nzuri nzuri chini ya aproni zao walikuwa wakimenya vitunguu huku machozi yakiwatiririka. Wakaitazama tai yake, wakatazamana.

"Sogea kidogo," mmoja akamwambia mwenzake. "Mwenye mkahawa amefika."