Siku Tano za Yoga Bila Mimi

Jumatatu, 3 Juni

Msiba! Mke wangu anasafiri. Anakwenda likizo ya yoga, siku tano, juu milimani, tena Jumatatu ijayo. Nimeambiwa leo asubuhi nikiwa na pini nne mdomoni, kwa hiyo sikuweza hata kupinga.

Ni kazi ya shemeji. Huyu mdogo wake mke wangu alistaafu ualimu mwaka jana na tangu hapo hatulii. Ameona tangazo, ameandikisha watu wawili, yeye na dada yake, mambo yamekwisha. Daktari alisema mgongo wa mama watoto unahitaji kunyooshwa na kupumzishwa. Sawa. Lakini mgongo hauwezi kupumzika hapahapa dukani? Kiti kipo.

Niandike ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Tumeoana miaka thelathini na moja. Mimi nashona, yeye anapiga pasi na kutia vifungo. Meza mbili, hatua tatu kati yetu. Hatujawahi kulala nyumba mbili tofauti, isipokuwa usiku ule wa kuzaliwa binti yetu. Sijui nyumba hii inakuwaje yeye asipokuwamo. Sitaki kujua.

Kwa hiyo nitakwenda naye. Yeye hajui bado. Shemeji ndiyo kabisa.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza. Waandalizi wameleta orodha ya vitu vya kufungasha. Mkeka wa yoga. Nguo nyepesi za kupwaya, seti tatu. Taulo, chupa ya maji, sweta kwa ajili ya baridi. Chini kabisa wameandika: njoo na mzigo mwepesi. Hapo ndipo nilipopata wazo.

Nikajitolea kumfungashia. Hakuna mtu mtaani hapa anayekunja nguo kama mimi. Mama watoto akashukuru, akanishika bega. Roho ikanisuta kidogo. Kidogo tu. Nikatia blanketi mbili, mwavuli, viatu jozi nne, pasi ya akiba, sufuria na kifuniko chake, na mito yote miwili, wake na wangu. Lengo: sanduku liwe zito kiasi cha kuhitaji mwanamume wa kulibeba hadi huko. Mwanamume huyo yupo.

Mama watoto akajaribu kulinyanyua. Halikutikisika. Nikasema kwa masikitiko kwamba basi, hapana jinsi, itabidi nimsindikize. Akanitazama. Kisha akajaribu tena kwa nguvu zote, na mgongo ukamkamata palepale.

Nimemkanda kwa maji ya moto saa nzima. Hakunilaumu hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumatano, 5 Juni

Shemeji amekuja na sanduku la magurudumu. La magurudumu! Linavutwa kwa kidole kimoja. Mpango wangu umekufa hivyohivyo, sebuleni, mbele ya macho yangu.

Akafungua lile sanduku langu na kutoa kitu kimoja kimoja, akikiinua juu. Alipofika kwenye sufuria aliuliza ni ya nini. Nikasema maji. Akauliza kama nadhani huko watu wananywea viganjani. Nikajifanya nimeitwa dukani.

Niliporudi nikakuta amemletea dada yake suruali za yoga. Za kiwandani. Zinavutika kama mpira wa manati, mshono umekwenda kombo mguu mzima. Ndani ya nyumba ya fundi! Damu ikanichemka, na papo hapo ukazaliwa mpango wa pili. Nitamshonea mke wangu suruali ambayo kila atakayeiona huko juu atauliza fundi ni nani. Wakiuliza, ataniita. Akiniita, nitakwenda. Sioni kasoro.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeshona tangu asubuhi. Sare za shule za watu zimesubiri. Pamba safi, rangi ya zambarau anayoipenda. Mifuko minne. Zipu ya kujificha ubavuni. Mkunjo wa pasi mbele, mkali wa kukata kidole. Orodha ilisema nguo za kupwaya, lakini mimi sishoni magunia.

Nilimpima kwa makini, amesimama wima, mikono chini, anatazama mbele. Suruali ikamkaa sawasawa. Aligeuka mbele ya kioo mara tatu. Yeye mrefu, mimi mfupi, na akivaa vizuri huwa naona fahari mpaka naongezeka kimo. Akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu gauni la harusi sijamshonea kitu. Nikabisha. Nikatafuta mfano. Sikupata! Miaka yote hiyo nimewavika mahakimu na mabwana harusi, na mke wangu anavaa nguo za kutundikwa sokoni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kesho wasafiri wote wana mazoezi ya majaribio kwenye ukumbi nyuma ya maktaba. Nitakwenda kutazama tu. Na kupokea pongezi.

Ijumaa, 7 Juni

Sipendi kuandika haya.

Mwalimu wa yoga ni kijana mwembamba, mgongo umenyooka wima. Nimempa jina Rula. Ana sauti ya upole mno, hujui kama anasema nawe au anabembeleza mtoto alale. Alinikaribisha nikae kwenye mkeka pamoja na wengine. Nikakataa. Nikamwona shemeji anatabasamu pembeni. Nikakubali.

Rula akasema tuchuchumae. Nikachuchumaa, magoti yakapiga kelele. Akasema tuiname mbele. Mama watoto akainama.

Mlio ule naujua. Nimeusikia kwenye nguo za mafundi wengine, si zangu. Mshono wa nyuma, kuanzia kiunoni mpaka… siandiki. Zipu nayo ikaachia.

Miaka thelathini na saba nimepima watu wakiwa wamesimama. Bwana harusi husimama. Mwanafunzi husimama mstarini. Haikunijia kabisa akilini kwamba kuna mtu atavaa suruali ili ajikunje. Nilivua koti nikamfunga kiunoni, natamani ardhi ipasuke nitumbukie. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Nikadhani analia, nikaanza kumwomba radhi mbele ya watu wote. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akalala chini, na Rula akasema kwa sauti ileile kwamba hiyo nayo ni pumzi nzuri.

Mwisho wa somo tulilazwa chali, tufumbe macho, tusifikiri chochote. Nimearifiwa kwamba nilikoroma. Shemeji amerekodi.

Jumamosi, 8 Juni

Mpango wa tatu, wa kiungwana: kumwomba shemeji anipe nafasi yake. Nilimkuta kwake anamwagilia maua. Nikaanza mbali. Nikagusia baridi ya milimani. Nikagusia magoti. Nikasema watu wa umri wake inafaa wajihadhari. Hapo niliteleza. Mimi namzidi miaka mitano.

Aliweka kopo chini. Akaniuliza, "Shemeji, hivi unadhani mgongo wa dada unauma kwa nini?"

Nikasema umri.

"Meza," akasema. "Ile meza ya pasi uliipigilia mwenyewe kabla hamjaoana, ukaipimia kiuno chako. Nenda kamwangalie akiwa kazini. Mwangalie tu."

Nikarudi dukani, nikakaa kwenye cherehani, nikamwangalia. Niliona anavyoinama. Nimemwona akiinama hivyo kila siku, nikidhani ndivyo alivyo. Nikachukua futi ya kamba. Nikamwomba asimame karibu na meza, nikapima toka sakafuni hadi kwenye kiwiko chake, kisha toka sakafuni hadi juu ya meza. Meza imepungua shibiri nzima. Mimi, ninayebishana na wateja kwa nusu inchi ya pindo! Shibiri nzima, miaka thelathini na moja.

Nililia. Niandike hivyohivyo, nililia nimekaa chini penye vipande vya vitambaa. Akazima pasi, akaja akakaa kando yangu, taratibu, ameshika kiuno. Nikamwambia yote: sanduku, suruali, safari ya kwa shemeji. Yote alikuwa anayajua. Nikamuuliza kuhusu meza kwa nini hakusema. Akasema mwanzoni alikuwa bibi harusi, aliona haya, maana nilikuwa najivunia ile meza kupita kiasi. Baadaye akazoea, akasahau kwamba ni jambo la kusemwa.

Nikamwambia naogopa. Naogopa akipumzika siku tano bila mimi atagundua kwamba anayemchosha ni mimi. Alicheka kidogo, akaniegemea. "Mume wangu, niache niende," akasema. "Miaka yote hii uko hatua tatu tu kutoka kwangu. Sijawahi kupata nafasi ya kukukumbuka. Na mimi nataka nijue inakuwaje."

Nikamwambia aende.

Jumapili, 9 Juni

Nimeipandisha meza kwa vipande vinne vya mbao, kimoja kila mguu. Amepiga pasi shati moja juu yake, mgongo wima kabisa, akaniangalia. Nikaenda nje kidogo kuangalia hali ya hewa.

Kisha nikamshonea suruali nyingine. Safari hii nilimpima ameketi, amekunja miguu, ameinama, ameinua goti, na mara moja amelala ubavu huku ananiambia niache kumtekenya. Haina mifuko. Haina mkunjo. Inapwaya kila mahali. Ni suruali mbaya kuliko zote nilizowahi kutoa dukani, na aliivaa, akakaa nayo sakafuni nusu saa nzima anakunja soksi na kuimba.

Tumefungasha pamoja. Mkeka. Seti tatu. Taulo, chupa, sweta. Sikuongeza kitu. Naapa. Niliongeza kikopo cha uzi na sindano tu, na kile kidawa cha kuchua, na barua fupi ndani ya soksi ya kushoto.

Jumatatu, 10 Juni

Wameondoka. Nilisimama kituoni kiume, nikapunga mkono, nikamwambia shemeji amtunze. Akasema atamtunza, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno. Basi lilipokata kona nikagundua nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua. Naye hakuutoa. Alikuwa amemsindikiza mkewe vilevile.

Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nimekula nimesimama jikoni. Dukani nimepiga pasi mwenyewe, na kwa kuwa meza sasa imenizidi, nimepanda juu ya kigoda. Nimeunguza kola moja. Nimegeuka mara nyingi kumwonyesha kitu fulani, shati, ndege dirishani, mteja mwenye viatu vya ajabu, na pale pana ukuta tu.

Lakini nimejifunza. Naliandika hili waziwazi ili nisisahau. Mtu aachiwe nafasi yake. Mke apimwe akiwa ameketi. Mimi na mipango basi! Nimekuwa mtu mzima, ingawa nimechelewa kidogo.

Jumatano, 12 Juni

Amepiga simu mchana! Sauti nyepesi, ya msichana. Mgongo haujamwamsha hata mara moja. Wanaona ukungu kwa chini, kama wako juu ya mawingu. Rula ameisifu suruali yake. (Kijana mzuri yule. Nilimhukumu haraka.) Barua ameiona, ameisoma, shemeji pia ameisoma kwa bahati mbaya, kwa sauti, mbele ya wenzao wote.

Halafu akasema, polepole, kwamba amenikumbuka. Kwamba alianza kunikumbuka hata kabla basi halijatoka mjini, na hakujua kama jambo hilo linaweza kuwa tamu na kuuma kwa wakati mmoja.

Nilikaa juu ya kigoda. Nikamjibu kama mtu aliyekomaa. Nikamwambia asiharakishe, amalize siku zake zote tano, apumzike, asiwe na wasiwasi nami hata kidogo. Akasema, "Ahsante, mume wangu." Nilijivunia sana. Nimejivunia mpaka saa kumi.

Saa kumi nikakaa nikafikiri vizuri. Alitaka nafasi ya kunikumbuka. Ameipata. Amekwisha nikumbuka, kasema mwenyewe, na kazi hiyo imekamilika siku mbili kabla ya muda wake. Kwa hiyo hata nikitokea, simharibii kitu. Nikikaa hapa ndiyo namwongezea maumivu bure, na mgongo wenyewe ndio kwanza unapona. Rula mwenyewe huenda ana haja ya suruali. Nimekwisha bandika karatasi mlangoni kwamba duka limefungwa kwa dharura ya kitabibu.

Basi ni kesho saa moja asubuhi. Ni mwendo wa saa sita na barabara inaishia hukohuko juu, hakuna pengine pa kwenda. Nitawaambia nilikuwa napita tu.