Vifaranga Wangu Wako Uani kwa Nesi

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu kaenda kumwuguza dada yake. Badala ya kuniaga, kanipa amri: kuku wake wa kishingo, yule asiye na unyoya shingoni, asisogezwe. Ndiye wa mwisho wa mbegu ya marehemu mama mkwe, na mayai yake yanakaribia kuanguliwa. Yakiharibika, nisimtafute. Mimi! Mtu mzima na ndevu zangu, mkunga wa kuku!

Tena kuku mwenyewe kaatamia kwenye kona ya stoo, mahali pekee redio yangu inaposhika mpira. Nimemsogeza. Kidogo tu, hadi nyuma ya mlango.

Jumanne, 5 Machi
Kuku kasusa! Yuko uani anachakura kama hajawahi kutaga. Nimembembeleza, nimemfunikia kikapu kiotani. Kanidonoa. Na redio imeishiwa betri.

Jioni akili ikafanya kazi. Jirani yetu, nesi mstaafu asiyenisalimia bila kunikosoa, ana kuku mwekundu anayeatamia. Nikapenyeza mkono nyuma ya banda lake, yai moja moja, hadi yote yakaingia. Akili ni mali! Wakianguliwa, nitawatambua wangu kwa shingo na kuwachukua kimyakimya.

Jumamosi, 9 Machi
Wameanguliwa! Shingo tupu, wazima wote. Ila wa Nesi hakuna hata mmoja. Kumbe kuku wake alianza kuatamia wiki hii tu. Kaona vifaranga, kanyanyuka nao, kayaacha mayai yake yapoe. Yote viza. Hilo nalo kosa langu?

Nimekwenda kudai. Nesi akaniuliza kwa upole vifaranga wangu waliingiaje bandani kwake. Nikasema labda kwa miguu. Akasema kitanda hakizai haramu, na kiota vilevile. Akafunga mlango. Wizi wa mchana kweupe!

Jumapili, 10 Machi
Nimechuchumaa kando ya uzio nikawaita kwa sauti ya kuku. Vifaranga wakakimbilia chini ya mbawa za yule mwekundu. Aliyeitika ni kishingo mwenyewe. Kaja, kanitazama, kaninyea kiatu.

Jumatano, 13 Machi
Mke karudi. Nikamwambia mwewe kachukua vifaranga wote. Nilihuzunika vizuri sana. Akachungulia ng'ambo ya uzio, akasema mwewe huyo ana huruma, kawatua salama kwa jirani. Kisha akakaa kizingitini, akalia. Mbegu ya mama yake haijakatika. Nikaona aibu. Kidogo.

Yeye na Nesi wakanijadili mbele yangu kama gunia lililooza. Vifaranga watalelewa kwa Nesi, wakikua wagawane nusu kwa nusu. Mimi nimjengee Nesi banda jipya, fidia ya mayai yake, na nisiguse tena chochote chenye mbawa. Sikuulizwa hata neno! Katika nyumba yangu!

Jumamosi, 16 Machi
Nimepigilia misumari kutwa, Nesi nyuma yangu akikosoa kila ubao. Banda limekwisha. Kicheche hapiti. Mke wangu kalizunguka, kasema kumbe hata mimi naweza kujifunza. Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Bata mzinga wa Nesi naye ameanza kuatamia. Nyuma ya banda, chini kabisa, nimeacha ubao mmoja bila msumari. Mkono wangu unapita vizuri. Nimeshajaribu.