Elipidius Hafukizi Karanga

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Vita vimetangazwa! Kamati ya soko letu hapa Kayanga imetoa amri. Karanga zote za kula zifukizwe kwanza kwa mvuke, ati kuua vijidudu. Za mbegu tu ndizo zimesamehewa. Karanga ya Mungu ipigwe nyungu kama mwenye mafua! Thubutu!

Nikapanda juu ya kreti ya soda, nikahutubia. Mlaji ana haki ya kuchagua! Mnunuzi ana haki ya kujua anachouziwa! Watu kumi na wawili walipiga makofi. Mmoja alikuwa anaua nzi, lakini nimemhesabu.

Agnetha, mke wangu, akasema tufukize tu, magunia manne si kazi. Mkaidi atanyang'anywa meza, na meza yetu ni ya langoni, niliachiwa na marehemu baba. Evaresta wa meza ya pili anaimezea mate mwaka wa nane huu. Nikamjibu kwamba Elipidius hafukizi. Akanyamaza. Mke akinyamaza, ujue ameshindwa.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeshinda Bugene natafuta wafuasi. Nimepata mmoja. Alidhani naandikisha watu wa mbolea ya ruzuku.

Kurudi, nikamkuta Agnetha anaanika karanga zetu zote uani, jasho linamtiririka. Akasema zilihitaji hewa. Nikamsifu kwa bidii. Hotuba yangu imemwingia.

Jumatano, 17 Septemba

Hatari. Nestory, bwana afya, amepita kila meza akachukua karanga kumi kumi. Kaziweka ofisini kwake kwenye sahani zenye kitambaa kibichi, kila sahani na jina la mwenyewe. Akaeleza kwamba karanga iliyofukizwa imekufa, haioti. Jumamosi atafunua. Zikiota, ni mbichi, na mwenye sahani hana meza.

Evaresta alitoa zake huku akiimba pambio. Mwanakwaya yule! Kila mtu anajua ametii amri. Mimi nikatafuna zangu mbele ya wateja. Ubichi wake unasikika mpaka kisogoni!

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeshinda! Nilimpelekea Nestory kichane cha ndizi mbivu. Alipokuwa anamenya ya pili, nikamwambia mbuzi wanakula siti ya pikipiki yake. Alitoka mbio na ganda mkononi. Nikabadilisha haraka: karanga zangu kwenye sahani ya Evaresta, za Evaresta kwenye sahani yangu. Jumamosi zangu zitaota chini ya jina lake, meza anyang'anywe yeye. Akili ni mali, jamani.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimempa Evaresta pole mapema. Hakuelewa. Ataelewa.

Jumamosi, 20 Septemba

Lo! Soko zima limekusanyika. Sahani ya Evaresta ikafunuliwa: kimya, haijaota hata moja. Yangu ikafunuliwa: kumi kwa kumi, vimikia vyeupe vimechomoza!

Yaani Evaresta! Mtakatifu huyo! Kumbe naye anauza mbichi! Nilifungua kinywa niseme zile ni zake. Lakini ningeulizwa nimejuaje. Nikakifunga. Yeye mwenyewe aliitazama sahani yake kwa mshangao, kisha akaanza kumshukuru Mungu kwa muujiza. Zangu nazo kwa nini hazikuota kwake? Nadhani zilikataa kuota chini ya jina la yule mwanamke.

Meza ya baba ikaenda. Evaresta akaanza kuifuta vumbi nikiwa bado nimeiegemea. Roho iliniuma sana.

Ndipo akaja Mzee Ndyamukama wa Ihembe. Nikamwamkia shikamoo. Akasema tangu azaliwe hajaona mbegu inayoota kumi kwa kumi, na mvua ndiyo hii, nimpimie kilo ishirini. Mbegu! Zimesamehewa na amri! Nikaruka juu ya kreti. Walinigombania kama senene wa kukaanga! Kufika saa saba mchana magunia matatu na nusu yalikuwa yamekwisha. Hata Nestory alichukua kilo mbili akapande kwao. Nani anahitaji meza?

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya kanisa nikamsimulia Agnetha ushindi wote. Akakaa chini. Akaungama kwamba Jumanne, nilipokuwa Bugene, alizifukiza karanga zetu zote kwa majani ya migomba, magunia yote manne, kuokoa meza ya baba mkwe.

Kwa hiyo ningeziacha zile sahani, zangu zisingeota, za Evaresta zingeota, na meza ya langoni ingekuwa yangu mpaka kufa. Ndiyo maana nasema mke asifanye jambo bila kumshauri mume.

Akauliza Mzee Ndyamukama na wenzake walionunua itakuwaje, maana wameshapanda na hakuna kitakachoota. Akanikumbusha maneno yangu mwenyewe, kwamba mnunuzi ana haki ya kujua anachouziwa. Nikamweleza taratibu kwamba hotuba yangu ilihusu mlaji. Mpanzi sikumtaja popote.

Limebaki nusu gunia. Kule Songambele nao wanalima, na habari hazijawafikia. Nimemwomba Nestory ile sahani yangu iliyoota, kanipa. Kesho naipeleka ikawe ushahidi. Kreti nimeshaifunga kwenye baiskeli.