Foleni ya Kurudi Nyuma

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara yetu ya Kuwatuliza Walioibiwa iliutangazia umma kwamba hofu itokanayo na wizi imekomeshwa. Ushahidi ulikuwa wa kitaalamu: dirishani hapakuwa na mtu.

Mimi ndiye karani wa dirisha hilo, kwa hiyo najua. Watu walikuwepo, ila mpangilio wao ulikuwa na changamoto. Mshona nguo mmoja alikabwa kwa nyuma, akanyang'anywa mkoba, na tangu siku hiyo hataki mtu mgongoni. Akikaa kwenye cherehani mkono unatetemeka, suruali za watu zinatoka mguu mmoja mrefu. Alikuja kuomba ushauri. Alifika wa kwanza, akamwambia wa pili:

"Pita, kaka."

"Nani, mimi? Tangulia wewe, dada. Mimi nilikabwa."

"Kwani mimi nilibusiwa?"

Kila mmoja akampisha mwenzake. Kufikia saa sita foleni ilikuwa imerudi kinyumenyume mpaka nje ya mlango wa mbele, kwa nidhamu ya hali ya juu.

Nikamwarifu Mkurugenzi.

"Dirishani kuna mtu?"

"Hapana, mheshimiwa, lakini..."

"Basi wamepona. Andika."

Nikaandika.

Kumbe foleni ilikuwa bado inarudi. Ilizunguka jengo, mshona nguo akiwa mkiani, mgongo kaubandika ukutani, akisogea hatua kwa hatua. Ukuta ukamwishia ghafla kwenye mlango wa nyuma, uliokuwa wazi kwa ajili ya hewa. Akaangukia ndani, wenzake wakamfuata, wote wakatua nyuma ya kiti cha Mkurugenzi, aliyekuwa akijisomea hotuba yake, "Hofu ni Mawazo Tu".

"Mama yangu weee!"

Tulipotazama, mheshimiwa alikuwa juu ya meza.

"Pole, mzee. Umeshtuka?" mshona nguo akauliza.

"Sijashtuka!"

"Basi shuka."

"Kwanza watoke hao walio nyuma yangu!"

Mama yule mshona nguo akacheka mpaka akajishika mbavu. Alikuwa hajacheka tangu akabwe. Kisha akamnyooshea mkono, nao ulikuwa umetulia kabisa.

"Njoo, baba. Weka mgongo ukutani, hapa katikati yetu. Haya, tueleze, moyo unaendaje?"

Alieleza mpaka saa za kufunga ofisi. Walipoondoka, nikamwuliza Mkurugenzi kama niufunge mlango wa nyuma.

"Ufunge," akaninong'oneza. "Ila wewe ubaki upande huu."