Wakamatwe Fisi Maji, Aachiwe Mjomba Seleman

Mbwara, kando ya mto, wakati huu wa vita

Kwa Bwana Akida wetu, mwenye kofia nyekundu na subira nyingi,

Nakushika miguu yote miwili. Mimi ni Tamimu, mpwa wa Seleman mtega samaki. Usiushangae mwandiko, nilisoma shule ya serikali kule Kilwa mpaka herufi zikaniogopa, na elimu iliyobaki nikawaachia wenye haja nayo.

Ama baada ya salamu, nalalamika. Askari wako wamemfunga mjomba huko Kibiti, na tunasikia Ijumaa atanyongwa, ati ana kambi ya waasi ukingoni. Ushahidi wao ni njia zilizokanyagwa, alama za vidole matopeni na miluzi ya alfajiri. Bwana, hao ni fisi maji, wale wanyama wa mtoni wanaokula samaki. Mmemkamata mtu mkawaacha wakosaji. Makosa yao ni haya:

1. Wana mikono. Wale wakubwa wenye koo jeupe hawana makucha. Wanapapasa chini ya mawe kama bibi anayetafuta ushanga, wanatoa kaa. Mkono unaomshika kaa bila kuumwa utashindwa kushika bunduki?

2. Wako makabila mawili. Wale wadogo wana madoa shingoni, na makucha wanayo. Wote wanakaa mto mmoja, wala hawagombani. Makabila mawili yakipatana siku hizi, wewe mwenyewe hupati usingizi.

3. Hawajalima pamba yako hata tuta moja. Sisi tunainama mpaka viuno vinalia, wao wanateleza matopeni kwa tumbo, wanacheza. Nami nimewaona, watu wazima wenye masharubu.

4. Wanawanywesha watoto dawa ya vita. Mama huzaa wawili watatu ndani ya shimo, macho wamefumba. Wakishakua kidogo anawakamata shingo, anawatosa mtoni, nao wanalia hawataki. Wakitoka hapo hawaogopi kitu. Askari wako Bashiru alimpiga mmoja risasi. Risasi ikageuka maji, maana iliingia mtoni na haikuonekana tena. Fisi maji akaibukia upande wa pili na kambare mdomoni, akamtazama. Tangu siku hiyo Bashiru hali kambare.

5. Miluzi ni yao. Mke wa mjomba, Mwanamkuu, yuko tayari kuapa kwamba mumewe hana meno ya mbele, hata kuku hawezi kumpigia mluzi.

Kwa hiyo mwachie mjomba, uwalete askari wote hapa Mbwara wawakamate wahusika. Nitawaongoza mwenyewe, mto huu ukipotea njia huja kuniuliza mimi. Chumba alimofungwa mjomba kitawatosha, mradi uwawekee karai la maji.

Mwanamkuu anakusalimu, na wanawe, na majirani ambao hawajakimbilia porini. Nisalimie askari wote, isipokuwa yule aliyemfunga mjomba kamba. Huyo mwambie tu sura yake naijua.

Mimi mtiifu wako kupita kiasi,
Tamimu

Nimesahau moja. Askari wakija wachimbe mashimo ya ukingoni tu. Lile la nyuma ya jiko la mjomba, lililofunikwa jamvi, wasijisumbue nalo, fisi maji hawalali humo. Mna magobori tu na kibuyu cha mganga, na mjomba hapendi vitu vyake viguswe akiwa hayupo.